Alitia Sauti Katika Santuri Akiwa Mtu Mzima

(Haya ni mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa vijiji vya Handeni na Korogwe. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ili yasomwe kwa sauti katika vikundi.)



 

Leo sikuja kuzungumza habari za mbolea wala za mbegu. Nimekuja kuzungumza habari za nyimbo. Najua wapo watakaosema, "Nyimbo? Nyimbo zinajaza ghala?" Subirini kwanza. Nyimbo nazo ni mali. Na wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sasa ninyi daftari mnalo, na kalamu mnajua kuishika. Kwa hiyo jambo hili linawahusu ninyi.

Nitawaeleza habari za wanawake wawili wa Unguja. Wa kwanza alitia sauti yake katika santuri kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa karibu miaka 48. Wa pili, sahani yenye jina lake mwenyewe ilitoka akiwa bibi kizee kabisa. Wote wawili watu waliwasikiliza, tena mpaka nchi za mbali. Baadaye nitasema kwa nini habari zao ni kazi yetu sisi wa Handeni na Korogwe.

MTOTO WA MFINYANZI

Mwanamke wa kwanza ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ni Mnyamwezi. Mama yake, sikilizeni vizuri, asili yake ni Mzigua. Naona baadhi yenu mmeinua vichwa. Ndiyo, damu yake ni ya huku kwetu.

Wazigua walifikaje Unguja? Mnajua wenyewe habari hizo, maana wazee walizisimulia. Katika karne ya 19 watu wengi wa nchi hii walichukuliwa, wakapitishwa Pangani na Saadani, wakavushwa bahari. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine njaa iliwasukuma. Siti alizaliwa katika ukoo wa watu wa namna hiyo. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hebu fikirini mtoto kuitwa Mtumwa! Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata baadaye, alipokwisha kuwa mwimbaji.

Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, naye Siti alijifunza kazi hiyo. Akavitembeza vyungu akiviuza, huku anaimba ili wateja wasikie. Sauti yake ilikuwa kali na ya kupendeza, ilifika mbali kabla mwenyewe hajaonekana. Basi vyungu ndivyo vilivyomfundisha kupaza sauti.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Wakati huo taarabu ya mjini ilikuwa kazi ya wanaume, na iliimbwa kwa Kiarabu. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1905, nacho kilikuwa cha wanaume. Siti akaingia, mwanamke, mtu wa shamba, asiye na mali. Akaimba taarabu kwa Kiswahili. Wafinyanzi, wapagazi na wauza samaki wakaelewa kila neno.

Je, alikuwa amesoma? Hapana. Hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo zote, za Kiswahili na za Kiarabu, alizishika kwa masikio na kuziweka kichwani. Kichwa chake ndicho kilichokuwa daftari lake.

SAFARI YA BOMBAY

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilitaka sauti za watu wa pwani yetu. Siti na wenzake wakapanda meli kwenda Bombay, kule India. Miongoni mwao walikuwamo Mbaruk Effandi, Subeti Ambar, Budda Swedi na Mwalimu Shaaban. Huko ndiko sauti yake ilikoingia katika santuri.

Vijana wengi hapa hamjaiona santuri ya zamani, basi nieleze. Lilikuwa sanduku lenye mpini wa kuzungusha, kama unavyojaza saa. Juu yake iliwekwa sahani nyeusi, iliyozunguka mara 78 kwa dakika moja. Sindano ilipita katika mfereji mwembamba wa sahani hiyo, na sauti ikatoka. Sahani zile zilikuwa rahisi kuvunjika; ikikuponyoka tu, imekwisha. Na upande mmoja ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi.

Dakika tatu! Taarabu huimbwa polepole. Ubeti hurudiwa, watu hutunza, wimbo ukaendelea. Mwimbaji aliyezoea hivyo anaambiwa: toa yote uliyo nayo kwa dakika tatu. Hapo ndipo utu uzima unapofaa. Siti alikuwa ameimba miaka mingi mbele ya watu. Alijua neno lipi libaki na lipi liachwe.

Sahani zilirudi Afrika ya Mashariki zikiwa na picha ya mbwa anayesikiliza santuri. Watu wakazigombea. Wanahistoria wamekadiria kwamba hadi mwaka 1931 sahani za Siti na wenzake zilizouzwa zilizidi 70,000. Mwenye santuri aliiweka barazani, na mtaa mzima ukaja kusikiliza. Watu waliozoea kusikia sauti za nchi nyingine katika sanduku lile, sasa walisikia lugha yao wenyewe.

Na aliimba nini? Si mapenzi peke yake. Aliimba mambo ya mahakama, ya rushwa na ya wanyonge kuonewa. Wimbo wake mmoja unaitwa Kijiti. Unasimulia habari za mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alikimbia, na waliofungwa ni wanawake waliokuwa mashahidi. Wimbo huo ulikuwa kama gazeti kwa watu wasiojua kusoma gazeti.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Na hapa nataka mtege masikio. Sahani zake zilibaki. Lakini sahani haisemi mwimbaji alizaliwa wapi, alilelewa na nani, wala alidharauliwa vipi. Aliyesema hayo ni mtu wa mkoa wetu huu wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909. Yeye aliandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Mengi tunayoyajua juu ya maisha ya mama huyu tumeyapata humo. Santuri ilihifadhi sauti. Kalamu ilimhifadhi mtu.

BIBI ALIYENGOJA

Mwanamke wa pili ni Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka hasa haujulikani, maana hakuna aliyeuandika. Mnaona? Kosa la daftari hilo tena. Mtu mashuhuri namna ile, na umri wake watu wanabishania!

Bi Kidude alimsikia Siti akiimba, akazishika nyimbo zake. Alikuwa mpiga ngoma wa msondo na mwalimu wa unyago. Alitia watu hina. Aliimba harusini na kwenye hadhara kwa miaka na miaka. Sauti yake ilisikika katika sahani za mkusanyiko, pamoja na waimbaji wengine. Lakini sahani yake mwenyewe, iliyoitwa Zanzibar, ilitoka katika miaka ya 1990. Hesabuni wenyewe: wenzake wa rika lake wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Na je, aliimba nyimbo mpya za kufuata vijana? Hapana. Alichukua nyimbo za kale, zile ambazo kila mtu wa pwani anazijua. Alikuwa akiimba Muhogo wa Jang'ombe. Alikuwa akiimba Kijiti, wimbo ule ule wa Siti. Tena sauti yake haikuwa laini kama ya msichana. Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo. Lakini wimbo wa majonzi ukiimbwa na mtu aliyeyaona majonzi, unauamini. Msichana anaweza kuuimba vizuri, ila yeye anasimulia ya watu. Ajuza anasimulia aliyoyapitia.

Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, tuzo ya muziki wa dunia. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Watu wengi wakubwa kwa wadogo walikwenda kumzika.

SHIKAMOO JAZZ

Mtaniuliza: je, ni wanawake wa taarabu tu? La. Hata watu wa dansi.

Wazee wa Korogwe wanazikumbuka bendi za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Katika nchi yetu neno jazz lilitumika kwa bendi za dansi zenye magitaa na tarumbeta, ingawa muziki wake haukuwa ule jazz wa Marekani. Enzi zile bendi zilirekodi nyimbo Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kupata sahani ya santuri ilibidi kwenda Nairobi. Bendi isiyokuwa na nauli, nyimbo zake zilikwisha na hewa.

Miaka ikapita. Muziki mpya ukaja, na wapigaji wa zamani wakaachwa kando. Mwaka 1993, kule Dar es Salaam, wanamuziki wazee wakakusanyika wakaunda bendi, kwa msaada wa shirika la kuhudumia wazee la HelpAge International. Bendi wakaiita Shikamoo Jazz. Jina zuri hilo! Ukilitaja tu umekwisha kuwaamkia. Wakapiga nyimbo zao za ujana, wakazirekodi. Bi Kidude naye alipata kuimba pamoja nao.

Basi hapo tunapata jambo moja. Kurekodi ukiwa mtu mzima si kuchelewa. Kuchelewa ni kufa kabla ya kurekodi.

SISI TUNA NINI?

Sasa turudi nyumbani. Wazigua wana ngoma ya selo. Wasambaa wana mdumange. Wabondei wana zao. Na katika mashamba ya mkonge ya Korogwe walikuja watu wa makabila mengi kufanya kazi, kila mmoja na ngoma yake. Zipo nyimbo za kukata mkonge, za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za kuzika. Je, nani kaziandika? Katika kijiji chako, yule bibi anayeongoza nyimbo harusini, nyimbo zake ziko wapi akilala?

Najua mmoja atasema: "Mdomo unatosha. Babu zetu hawakuandika, na nyimbo zimetufikia." Ni kweli, mdomo una nguvu. Tunao mfano hapa hapa. Wazigua waliochukuliwa kwenda Somalia katika karne ya 19 walikaa huko zaidi ya miaka 100, lakini baadhi yao waliitunza lugha ya Kizigua. Wajukuu zao walipokimbia vita na kuletwa Chogo, katika mkoa wetu, wenyeji waliwasikia wakisema Kizigua. Mdomo ulifanya kazi kubwa!

Lakini tazameni jinsi ulivyofanya. Watoto walikaa na bibi zao kila siku, jioni kwa jioni. Je, watoto wetu leo wanakaa na bibi zao namna hiyo? Mmoja yuko bweni, mwingine yuko Dar es Salaam anauza nguo, mwingine anasikiliza simu yake. Mdomo upo, lakini sikio limehama. Ndiyo maana kalamu inahitajika sasa kuliko zamani.

TUFANYE HIVI

Siti alivuka bahari ili apate dakika tatu. Sisi hatuhitaji meli. Simu nyingi za mkononi zina kinasa sauti. Kijana mwenye simu na mtu mzima mwenye daftari wakishirikiana, kazi inakwenda. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, nenda kwa heshima. Piga hodi, toa shikamoo, eleza unachotaka. Usifiche simu mfukoni ukamrekodi mtu bila kujua. Huo ni wizi.

Pili, tafuta mahali penye utulivu. Siku ya mvua usikae chini ya bati. Weka simu karibu na mwimbaji, mbali na kuku na watoto.

Tatu, kabla hajaanza kuimba, sema kwa sauti: jina lake, kijiji chake, tarehe, mwezi na mwaka. Mkumbuke Bi Kidude na umri wake.

Nne, mwache aimbe apendavyo. Akisahau, usimkatize. Akikohoa, ngoja. Wimbo ukiisha, muulize: aliupata kwa nani? Uliimbwa wakati gani? Neno hili la kale maana yake nini?

Tano, andika maneno yote katika daftari, kwa lugha ile ile aliyoimba. Kama ni Kizigua, andika Kizigua. Kama ni Kisambaa, andika Kisambaa. Kisha msomee. Atakusahihisha. Wengi wenu mtaona kazi hii ngumu siku ya kwanza, maana mkono bado mzito. Andikeni hivyo hivyo. Mkono hulainika kwa kuandika.

Sita, zipo nyimbo zisizotolewa hadharani. Nyimbo za unyago na za jando zina wenyewe na zina mahali pake. Bibi akisema, "Huu usiandike," usiandike. Hata Bi Kidude, aliyekuwa mwalimu wa unyago, alijua kwamba kila jambo lina hadhira yake.

SOMA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Jambo la mwisho. Wimbo ukiwa mzuri, watu watakuja. Mmoja atakuja na gari na mitambo, atasema, "Mama, imba, nitakupa chochote." Kisha atatoa karatasi: "Tia dole gumba hapa."

Zamani tungetia dole gumba. Leo tunasoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo, na inazitaja pia sanaa za jadi za wananchi. Kwa hiyo usikubali maneno matupu. Uliza: Wimbo utapelekwa wapi? Jina la mwimbaji litaandikwa? Malipo ni kiasi gani, na yatalipwa lini? Je, ni mara moja tu, au kila unapouzwa? Majibu yaandikwe katika karatasi mbili, moja abaki nayo mwimbaji. Neno usilolielewa, usilitilie sahihi. Mwambie mgeni angoje mpaka kesho, ukamtafute mtu wa kukusaidia kusoma. Mwenye nia njema atangoja.

Kama bibi mwenyewe hajui kusoma, wewe mwanakisomo ndiwe macho yake. Hiyo ndiyo faida ya elimu yako kwa jirani.

Ndugu zangu, nimesema maneno mengi, sasa nasema moja. Mtoto wa mama wa Kizigua alifika Bombay bila kujua hata herufi a, na sauti yake bado inasikika. Lakini kama Shaaban Robert hangeshika kalamu, leo pengine tungesikia sauti tu tusimjue mwenyewe. Katika vijiji vyenu wamo akina Siti. Wamezeeka. Baadhi yao wamekaa humu humu, na nawaona wananicheka.

Basi kazi ya juma hili ni hii. Kila kikundi kimchague mzee mmoja, mwanamke au mwanamume. Kiandike wimbo wake mmoja tu, pamoja na jina lake na mwaka. Mkikutana tena, kila kikundi kisimame kiusome. Na mwenye wimbo awepo, ili tukikosea atusahihishe angali hai.